Kutuma na Kuita: Safari ya Leza Kwa Rhonda

Nilikwenda Rhonda kutazama shaba ikihama. Jamaa mmoja anayeuza vikombe vya tuzo alinieleza kwamba katika mtaa huo wa magharibi mwa Nakuru yupo fundi anayeweka kipande cha shaba chini ya kioo, akapitisha mwanga wa leza juu yake, na kabla hujamaliza kuulizia bei jina lako liko kwenye kioo, limeandikwa kwa shaba yenyewe. Hakuna gundi wala wino. Kazi ya kubandua utando mwembamba hapa na kuubandika pale kwa nguvu ya mwanga nilikuwa nimeisoma kama habari ya maabara za Marekani, Ulaya na Japani. Kusikia ikitajwa pamoja na Rhonda kulitosha kunipandisha matatu.

Tuliondoka Nairobi asubuhi, ukungu wa Limuru ukiwa bado umelalia mashamba ya chai. Baada ya hapo barabara hushuka Bonde la Ufa kwa mapozi: Soko Mjinga na magunia yake ya viazi, kisha Kinungi, kisha bonde lenyewe likafunguka upande wa kushoto na Longonot ikasimama katikati yake. Dereva hakuwa na maneno mengi. Abiria wa pembeni yangu, mama mwenye kapu la vifaranga, aliniuliza ninakwenda kumwona nani Nakuru. Nilipomwambia ninakwenda kuona mashine, alinipa pole.

Naivasha wengi huijua kwa maua na mvuke wa Olkaria. Mimi safari hii niliipa jicho kwa sababu nyingine. Mwaka 2011 mji huo ulipata kiwanda cha kuunganisha paneli za sola, kilichoanza kwa jina la Ubbink East Africa na ambacho baadaye kikaitwa Solinc. Paneli huundwa kwa seli za silikoni, na juu ya kila seli mna mistari myembamba ya fedha inayokusanya umeme. Kwa miaka mingi, huko seli zinakotengenezwa, mistari hiyo imechapwa kwa njia ileile inayochapia tisheti za kampeni: rangi nzito inasukumwa kupitia wavu ulioachwa wazi mahali pa maandishi. Tofauti ni kwamba rangi ya seli ni uji wa fedha. Lakini wavu una kikomo chake. Ukitaka mstari mwembamba kupita kiasi, uji hukwama au mstari hukatika.

Hapo ndipo leza ilipopata kazi. Uji wa fedha hujazwa kwenye vifereji vidogo vya utepe wa plastiki unaopitisha mwanga. Utepe hugeuzwa ukaielekea seli. Leza huupiga kutoka mgongoni. Fedha huchomoka kwenye vifereji na kutua juu ya seli, mstari ukiwa mwembamba kuliko wa wavu na fedha iliyotumika ikiwa kidogo. Si jambo dogo, maana viwanda vya sola leo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa fedha duniani. Anayepunguza fedha kwenye kila seli hupunguza bei ya paneli, na bei hiyo hatimaye humfikia mkulima wa Kinangop au wa Kuresoi.

Tulipita Gilgil, tukaukata moshi wa nyama choma wa Kikopey, na Ziwa Elementaita likajitokeza chini, jeupe pembezoni. Karibu na hapo ni Kariandusi, ambako Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe ya binadamu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadhi yamechongwa kwa obsidiani, kile kioo cheusi kinachomwagwa na volkano. Watu wa bonde hili wameshughulika na kioo tangu zamani za kale.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wenyeji wa makamo, hata hivyo, bado wanaupima mji wao kwa viwanda: blanketi, sabuni, mafuta ya kupikia, betri. Betri kavu za Eveready, zilizowasha tochi na redio za nchi nzima, zilitengenezwa hapa tangu 1967 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Wengi waliopoteza ajira za viwandani waliingia juakali, na juakali ya Nakuru ina mikono ya watu waliowahi kusimama mbele ya mashine kubwa.

Matatu ya Rhonda ilijaa upesi. Tukapita Kaptembwo, ambako huwezi kujua mtaa mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, na kondakta akapiga bati: "Kwa Rhonda, shukeni na mzigo!" Mbele yangu palikuwa na safu za nyumba za ploti, vyumba vikitazamana kwa ua mmoja, mikokoteni ya maji, vinyozi, bucha, makanisa ya mabati, mitumba iliyotandikwa juu ya maturubai. Mto Njoro unapita kando kuelekea ziwani, na ua wa hifadhi ya Ziwa Nakuru hauko mbali. Juu ya vyote hivyo kuna vumbi, lile vumbi jepesi la majivu ya volkano linaloingia hadi ndani ya simu. Nitalirudia baadaye, kwa kuwa vumbi hilo lina sehemu yake katika habari hii.

Fundi niliyekuwa nikimtafuta ni mwanamke wa umri wa miaka thelathini na ushei, amesomea umeme, na duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma na kaunta ya mbao. Aliniangalia, akaangalia viatu vyangu vyenye vumbi.

"Karibu mzee wangu. Wewe ndiye wa kioo?"

"Ndimi, dadangu."

"Basi kioo kitangoja. Kwanza uone pasi, ndiyo inayolipa kodi."

Pasi aliyoisema ni mashine ya kubana kwa joto, bamba zito linaloshuka juu ya meza. Alikuwa na oda ya tisheti za chama cha akina mama. Picha ilikuwa imechapwa kwenye utando wa plastiki angavu, rangi ikinyunyiziwa unga wa gundi ulioyeyushwa ukashika. Alilaza utando huo kifuani mwa tisheti, akashusha bamba lililopata joto la nyuzi 150 hivi, akahesabu kimoyomoyo, akainua, akaacha ipoe kidogo, kisha akavuta plastiki kutoka pembeni. Plastiki ilitoka tupu. Rangi yote ilibaki kwenye pamba.

"Umeona? Rangi imehama nyumba," alisema. "Leza nayo ni hivyohivyo. Ila pasi inahamisha mtaa mzima kwa pamoja, leza inahamisha mpangaji mmoja mmoja."

Sijasoma maelezo bora kuliko hayo. Pasi hupasha kila mahali kwa wakati mmoja, polepole, na kinachobandikwa lazima kivumilie joto lote. Leza huchagua nukta moja ndogo kuliko ncha ya sindano, ikaipa joto kali kwa muda mfupi mno, kisha ikahamia nukta ya pili. Jirani yake hajui kilichotokea.

Mashine yenyewe ilikaa kwenye kona: sanduku lenye ukubwa wa tarakilishi ya zamani, mlingoti, na kichwa chenye lenzi kinachotazama chini. Ni leza ya faiba, wati 20. Nilimwambia balbu ya bibi yangu ilikuwa na wati 60. Akacheka, akanieleza siri yenyewe ilipo. Wati hizo 20 hazimwagwi mfululizo. Hukusanywa zikafyatuliwa kwa mapigo, maelfu kwa maelfu kila sekunde, kila pigo likidumu sehemu ya milioni moja ya sekunde au chini ya hapo. Kwa kitambo hicho kidogo nguvu hufika wati elfu kadhaa, zote zimebanwa kwenye nukta ya takriban sehemu ya ishirini ya milimita. Chuma hakipati nafasi ya kusambaza joto. Hugeuka mvuke papo hapo.

Kazi zake za kila siku ni za kawaida. Huandika nambari kwenye drili za mafundi ili zisiibwe, majina kwenye vikombe vya mashindano ya shule, na zaidi ya yote huweka alama kwenye sufuria za kukodisha. Sufuria ikienda kwenye matanga ya watu mia tatu, alisema, bila alama hairudi. Au hurudi nyingine iliyotoboka.

Kisha akatoa kile nilichokuja kuona. Alichukua bamba la shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, akalisugua kwa spiriti. Juu yake akalaza kipande cha kioo cha dirisha, akakibonyeza kwa vidole vilivyovaa glovu. Akavaa miwani yenye lenzi za kijani, akanipa nyingine, akateremsha ubao mbele ya dirisha dogo ambako watoto walikuwa wameanza kukusanyika.

Leza yake ina mawimbi ya nanomita 1064. Mwanga huo jicho halioni, na kioo hakiuzuii. Hupita kana kwamba hakuna kitu. Unapokutana na shaba ndipo safari yake inapokoma. Ngozi ya juu ya shaba huyeyuka na kugeuka mvuke, na kwa kuwa kioo kimeikalia, mvuke na vitone havina pa kwenda ila kugonga upande wa chini wa kioo na kuganda hapo. Nilisikia mlio mwembamba kama wa mbu na kuona cheche za kijani zikikimbia chini ya kioo. Alipokiinua, jina la chama lilikuwa limeshika, rangi ya kahawia iliyokolea, na ukilielekeza kwenye taa baadhi ya herufi zilirudisha mng'ao wa shaba.

"Hii naiita kuita," alisema. "Shaba iko chini, mwanga unatoka juu, na shaba inakuja juu kuufuata. Inaitwa, inaitika."

Wanasayansi nao hutofautisha njia mbili. Kuna uhamishaji wa kurudi nyuma, ambapo kitu huruka kuelekea chanzo cha mwanga, kama shaba ile. Na kuna uhamishaji wa kwenda mbele, ambao fundi wangu anauita kutuma. Huo wa pili ndio wenye jina kubwa maabarani. Utando wa kitu unapakwa chini ya kioo. Kioo kinawekwa karibu sana na sehemu ya kupokelea. Leza inapita kwenye kioo na kuupiga utando kutoka mgongoni, mahali unaposhikana na kioo. Kila aliyesonga ugali analijua jambo hili: ukiuacha ukoko kwenye sufuria juu ya makaa kidogo, joto la chini huuinua wenyewe, ukabanduka bila kijiko. Leza hufanya hivyo kwa kipande kisichozidi upana wa unywele, na kwa kasi inayokirusha kikatua upande wa pili.

Historia yake si ndefu. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960. Kufikia mwaka 1970 kulikuwa na wahandisi wa Marekani waliochapisha taarifa za kuhamisha wino kwa leza ili kuandika kumbukumbu. Wazo hilo likalala. Mwaka 1986 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Bohandy, Kim na Adrian, waliupiga utando mwembamba wa shaba uliopakwa kwenye kioo cha kwatzi, wakautuma juu ya silikoni, wakachora mistari ya chuma bila tindikali wala wavu. Kuanzia hapo mlango ukafunguka. Leo kwa njia hiyo watu hutengeneza nyaya zilizokatika ndani ya skrini, huchapa vitambuzi, huhamisha taa ndogondogo ambazo jicho halizioni vyema moja moja. Kampuni ya Poietis ya Bordeaux, Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2014, imetumia leza kuhamisha matone yenye seli hai za ngozi. Seli haziungui kwa sababu joto humezwa na tabaka lililo nyuma yao. Zenyewe husukumwa tu.

Nilimwomba anionyeshe kutuma. Alikuwa na kipande cha kioo alichokipulizia rangi nyeusi upande mmoja. Alikigeuza, rangi ikatazama chini kwenye kigae cheupe, akaweka karatasi mbili pembeni ili kuacha upenyo. Leza ikapita. Kwenye kigae tukapata herufi, lakini kama zilizoandikwa kwa makaa na mtu mwenye mafua: kila mstari umezungukwa na madoa. Akaondoa zile karatasi, kioo kikakaribia kigae, akarudia. Herufi zikatulia. Akapunguza nguvu, na mara hii hakikuhama kitu. Rangi ilibaki kioo­ni ikiwa imevimba tu. Akaiongeza sana, rangi ikatapakaa tena na kuungua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ufundi wote unakaa katika vipimo vitatu: unene wa utando, umbali kati ya mtumaji na mpokeaji, na nguvu ya pigo. Kila kitu kina kizingiti chake. Chini ya kizingiti, hakuna kinachohama. Juu yake kidogo, kitone kimoja safi. Ukipita mno, mlipuko. Katika maabara, umbali huo huwa wa maikromita, yaani sehemu za elfu za milimita. Karatasi ya daftari peke yake ina unene wa maikromita mia moja hivi.

Sasa turudi kwenye vumbi. Punje moja ya vumbi la Rhonda ikilala kati ya kioo na shaba huinua kioo kwa kiasi kinachozidi unene wa utando mara nyingi. Alinionyesha kioo kilichoharibika: katikati ya herufi M palikuwa na tundu jeupe, duara kamili, na katikati ya duara nukta. "Huyo ni mgeni aliyeingia bila hodi," alisema. Ndiyo maana hufunga dirisha, humwagia sakafu maji kabla ya kazi ya kioo, na hukataa oda hizo upepo wa alasiri unapochacha. Viwandani, vita hivyo hupiganwa kwa vyumba safi ambavyo hewa yake huchujwa mchana na usiku. Kenya nayo inacho chumba cha namna hiyo: Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, ndiko iliko Semiconductor Technologies Limited, kampuni inayotengeneza vifaa vya nano. Kati ya chumba hicho na kibanda chenye sakafu iliyomwagiwa maji, adui ni mmoja.

Mlango wa tatu kutoka duka la fundi wangu ni kwa fundi wa simu, kijana wa maneno ya haraka aliyeniita "mkubwa" kila sentensi. Hana leza. Ana bamba la moto, waya mwembamba wa kutenganishia kioo na skrini, na subira. Alinitolea skrini iliyopinda ya simu ya bei, iliyovunjika, akavuta kona yake. Nyuma ya kioo palikuwa na kitu kilichojikunja kama ganda la kitunguu.

"Hii ndiyo inaonyesha picha, mkubwa. Hiki kiganda tu. Kikichanika, hakuna daktari."

Kiganda hicho kimezaliwa kwa leza. Kiwandani, plastiki ya polimaidi humwagwa juu ya kioo kigumu ikakauka kuwa utando. Juu yake hujengwa skrini yote, tabaka baada ya tabaka, kwa kuwa huwezi kujenga juu ya kitu kinachopepea. Kazi ikiisha, leza ya mwanga wa urujuanimno hupita kutoka chini ya kioo na kuunguza sehemu ndogo kabisa ya plastiki inaposhikana nacho. Skrini huachia. Kioo huenda zake, na utando huhamia kwenye simu. Kila anayebeba simu ya skrini iliyopinda, Rhonda au Dubai, amebeba kitu kilichobanduliwa hivyo.

Fundi wa simu ndiye aliyenipeleka kwa mzee wa sola, ua wa nyuma, kwenye ploti yenye mti wa mparachichi. Mzee aliwahi kufanya kazi kiwandani mjini, kisha akazunguka vijijini Njoro, Molo na Mau Narok akifunga sola. Alinikaribisha chai ya maziwa kabla ya kusikia shida yangu, kama inavyopasa, na nilipotaja utando na leza alinyanyuka bila kusema, akarudi na paneli kuukuu isiyo na zile seli za buluu tunazozijua sasa. Ilikuwa kioo chembamba kirefu, rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, chenye mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini.

"Hii ndugu yangu ndiyo iliyoleta televisheni kijijini," alisema. "Wati 14. Unamwekea mtu na betri ya gari, anatazama taarifa ya habari."

Katika miaka ya 1990 Kenya ilikuwa mojawapo ya masoko makubwa duniani ya sola ndogo za nyumbani zilizonunuliwa kwa pesa taslimu, dukani, bila mradi wa serikali. Paneli za silikoni amofasi kama hiyo zilipendwa kwa kuwa zilikuwa nafuu. Silikoni yake si kipande kilichokatwa. Ni utando uliopakwa kwenye kioo, mwembamba kuliko maikromita moja. Mistari niliyoiona ni nyayo za leza. Utando mmoja uliokatwa hivyo hugeuka kuwa seli nyingi zilizoungana mfululizo, kila ukanda ukitoa chini ya volti moja, mpaka jumla ikatosha kuchaji betri ya volti 12. Na mkato wa mwisho, ule wa kutenganisha chuma cha mgongoni, hufanywa kwa kupiga leza kupitia kioo: silikoni hupata joto, hupasuka, na chuma kilicho juu yake hurushwa nje. Laiti kungekuwa na kigae mbele yake, chuma hicho kingetua hapo. Kutuma kwa fundi wa kwanza na kukata kwa paneli ya mzee ni tendo moja. Kinachotofautisha ni kama kuna mpokeaji.

Mzee alikuwa na malalamiko yake. Paneli hizo, alisema, zilikuja na nguvu, kisha zikalegea baada ya jua la miezi ya kwanza, na mteja akamrudia yeye. Jambo hilo lina maelezo: silikoni amofasi hupoteza sehemu ya nguvu zake inapoanza kupigwa na jua, na Staebler na Wronski walilieleza mwaka 1977. Paneli nzuri huuzwa kwa wati zitakazobaki baada ya kulegea. Mwaka 1999 watafiti walipima paneli hizo kwenye nyumba za Kenya wakakuta baadhi ya chapa zinatoa karibu na kilichoandikwa, na nyingine ziko chini sana. Mnunuzi wa Molo asingeweza kujua kwa macho. Vioo vyote vilikuwa vya kahawia, vyote viling'aa. Kipimo ndicho kilichotoa hukumu.

Nilirudi dukani jioni kuaga, nikamkuta fundi akimfundisha msaidizi wake jambo moja tu, tena kwa ukali: miwani. Leza ya nanomita 1064 haionekani, kwa hiyo jicho halifumbi kujikinga. Lenzi ya jicho huikusanya hadi kwenye ngozi ya nyuma, na jeraha lake halina maumivu wala tiba. Miwani lazima iwe na maandishi yanayotaja wimbi hilo hasa. Miwani ya jua, ya kuchomelea, au ya leza ya aina nyingine haifai, hata ikiwa nyeusi kiasi gani. Moshi wa shaba ya manjano una zinki, unaoleta homa ya mafundi wa chuma, kwa hiyo feni ya kuvuta hewa ni lazima. Na plastiki ya PVC haiwekwi chini ya leza kabisa, maana hutoa gesi ya tindikali inayokula mapafu na mashine pamoja. Haya yote aliyajua kwa kuuliza huku na huku. Mashine yenyewe, alisema, ilikuja na kijitabu cha kurasa chache kisichoeleweka, na miwani isiyo na maandishi yoyote.

Hiyo ndiyo hali niliyoikuta Kwa Rhonda: mashine imetangulia somo. Mikono ipo, wateja wapo, na kazi yenyewe imeshaanza. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia fundi unene wa utando wake ni upi, kizingiti cha nguvu kiko wapi, na kwa nini herufi za asubuhi hushika kuliko za alasiri. Elimu hiyo haiko ng'ambo. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, mwendo mfupi kwa matatu, na kinafundisha fizikia. Rift Valley National Polytechnic, ambayo wakongwe bado huiita RVIST, iko papo hapo Nakuru.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo hivyo: leteni wanafunzi wenu Rhonda kwa siku moja wakiwa na hadubini na kipimo cha unene, mkae na fundi huyu, kila upande ufunze mwingine. Serikali ya kaunti nayo inaponunulia vituo vya ufundi mashine za leza, inunue na miwani yenye nambari sahihi, feni za hewa, na mkufunzi. Nawe msomaji mwenye mashine kama hiyo kibandani, au unayeweka akiba ya kuinunua, usiiwashe leo wala kesho mpaka umeshika miwani iliyoandikwa 1064. Kioo kikiharibika utanunua kingine mtaani. Jicho halina duka.